Ami yangu hakusema hayupo

Ndugu mhariri, wiki hii mmeuliza kama anayesema hajui iwapo Mungu yupo ni sawasawa na yule anayesema hayupo. Nitajibu, ila mimi yananiuma zaidi tunayowatendea watu hao kabla hatujawasikiliza.

Tofauti ipo. Mwanasayansi wa Kiingereza, Thomas Henry Huxley, ndiye aliyejitungia jina la agnostiki mwaka 1869, kwa kuwa hakutaka kuwekwa na wanaokana wala na wanaodai wameshajua. Mkanamungu anakwambia asichokiamini. Agnostiki anakwambia asichoweza kukijua, na wapo wanaokiri kuwa hawawezi kuthibitisha na bado wanasujudu.

Ami yangu alikuwa katika vijana waliopelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, baada ya Zanzibar kuitambua nchi ile mwaka 1964. Aliporudi kwetu Wete, Pemba, akawa hasali. Akiulizwa hujibu, "Mimi sijui," basi. Hakumkejeli mtu, na Ramadhani hakula mchana mbele za watu. Mtaani walimwita kafiri, hata watoto.

Babu alifariki msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa hadi kando ya barabara. Tulizika baada ya alasiri. Jeneza lilipofika, ami akavua viatu ashuke kaburini kumpokea baba yake. Jamaa mmoja akamshika mkono: "Wewe usishuke, huyu anazikwa Kiislamu." Watu kimya. Shuka imeshatandwa juu ya kaburi, wenye kuishika wanatazamana. Sheikh aliyesalisha akasema, "Mwacheni, babake huyo."

Akashuka. Mimi nilikuwa ukingoni, namwona kwa chini ya shuka. Alimpokea babu upande wa kichwani, wakamlaza kwenye mwanandani, ule mwanya uliochimbwa ndani ya kaburi, kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Akafungua kamba za sanda moja moja. Akalifunua shavu mpaka likagusa udongo, kisha akaweka vibonge vya udongo nyuma ya mgongo ili maiti asirudi chali. Viunza, zile mbao za kufunikia mwanandani, alivipanga mwenyewe, na kila palipobaki upenyo akapaziba kwa udongo mbichi, anapapasa kwa vidole kuhakikisha. Hakukosea hata kimoja. Alipopanda, yule jamaa alimpa mgongo. Sheikh akasoma talkini, maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, na ami akasimama mpaka mwisho na udongo wake mikononi.

Usiku, matangani, nilimuuliza kwa nini hakumjibu. "Mimi sijasema hayupo," akaniambia. "Nimesema sijui. Wao hawataki kusikia."

Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tunajua kwamba Nabii Ibrahim aliomba aoneshwe wafu wanavyohuishwa, akaulizwa kwani huamini, akasema naamini, lakini moyo wangu upate kutulia. Imo katika sura ya Baqara, aya ya 260. Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa zamani, naye ameandika kuwa shaka ilimkaa karibu miezi miwili, hata macho yake na akili yake hakuviamini, mpaka Mungu alipomtia nuru kifuani. Kuuliza si kukufuru.

Lakini nikiendelea kuandika naona hoja hii haimfikishi ami mbali. Ibrahim alitanguliza "naamini". Ghazali alihangaika mpaka akapata. Ami alikaa na "sijui" yake miaka yote, sikumwona akiitafutia dawa. Hata Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1947, alisema kwamba mbele ya wanafalsafa angejiita agnostiki, maana hakuna hoja ya kukata kwamba Mungu hayupo, lakini kwa mtu wa kawaida ingefaa ajiite mkanamungu. Na Hujurat aya ya 15 inasema waumini ni wale walioamini kisha wasitie shaka. Hapo sina la kumtetea ami.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kwa fikra hawa ni watu wawili mbalimbali, lakini kwa hukumu ya dini, kwa ninavyofahamu mimi nisiye sheikh, anayeng'ang'ania "sijui" hajaingia ndani. Binti yangu akiletewa posa na kijana wa namna hiyo simwozi, hata awe na adabu za ami, mpaka aitamke shahada kwa ulimi wake akiwa anaikusudia. Nitamkaribisha nyumbani na nitakula naye. Babake akifa, kaburini atashuka, na atakayemshika mkono tutagombana.