Maswali ya wasomaji: Propela inakatika kila mara baada ya kuinua gari

SWALI: Mafundi, salaam. Nina Hilux ya 1994, fowili (inayovuta kwa magurudumu yote manne), kebini moja, ya kazi za shamba. Nyuma niliinua kwa bloki za sentimita 7.5 juu ya ekseli, chini ya springi, nikaweka na sheko (vyuma vinavyoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye chesi) zilizozidi zile za kiwandani kwa sentimita 5. Tangu hapo gari linatetemeka likifika kilomita 70 kwa saa. Krosi, kile kiungo cha propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) kinachoiruhusu kuzunguka ikiwa imepinda, ya upande wa difu (gia za katikati ya ekseli) nimeshabadilisha mara mbili. Safari hii sikio la yoki (uma unaoshika krosi) limevunjika na bomba la propela limepinda. Fundi wa hapa anasema atalinyoosha na kulichomelea. Nikubali?
Msomaji, Babati

JIBU: Salaam, ndugu yetu. Usikubali. Na hata ukifunga propela mpya leo, kama pembe zimebaki zilivyo itakatika tena, kwa sababu kinachoua krosi zako ni zile sheko.

Krosi ikizunguka ikiwa imepinda, haizunguki kwa kasi moja: kila mzunguko inakwenda mbio mara mbili na kusita mara mbili. Kiwandani dosari hii huondolewa kwa krosi ya pili iliyopinda kwa pembe ileile, hivyo ya nyuma inafuta kosa la mbele. Bloki peke yake huongeza pembe za krosi zote mbili kwa kiasi kilekile. Lakini sheko ndefu hushusha ncha ya nyuma ya springi, springi inalala, na pua ya difu inatazama juu. Kwa springi ya karibu sentimita 120, sheko iliyozidi sentimita 5 inageuza difu nyuzi 2 na nusu hivi. Krosi ya mbele ikabaki na pembe kubwa, ya nyuma ikapata ndogo, na hakuna tena inayofuta kosa la mwenzake. Kwa difu ya 4.1 na tairi za inchi 31, gari likiwa kilomita 80 kwa saa propela inazunguka kama mara 2,300 kwa dakika. Mtetemo wa kiasi hicho hutafuna sindano za krosi (vijiti vidogo vya beringi ndani ya vikombe vyake), halafu masikio.

Pima kabla ya kununua chochote. Gari lisimame kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyo sawa, likiwa na mzigo unaoubeba kwa kawaida. Tumia pimamaji lenye nyuzi, au programu ya simu ya kupimia mwinuko ukiibana simu kwenye rula ya chuma. Chukua pembe tatu: flenji (kisahani cha kufungia propela) ya transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, bomba la propela (lililopinda halifai, tumia jingine hata la kuazima), na flenji ya difu. Tofauti ya transfa na propela ndiyo pembe ya krosi ya mbele. Ya propela na difu ndiyo ya nyuma. Hizo mbili zisipishane zaidi ya nyuzi 1. Kwa gari la barabara ndefu, nyuzi 3 kila upande ni raha tupu. Zikifika 8 au 10 krosi itafanya kazi lakini umri wake utakuwa mfupi, hata pembe zikilingana.

Kwako wewe, rudisha kwanza sheko za kiwandani. Ukiamua kuzibakiza, weka kabari za chuma kati ya springi na bloki, upande mnene ukitazama mbele ili pua ya difu ishuke. Usinunue za alumini, hupasuka. Kabari hudai senta bolti (ya katikati ya springi) ndefu zaidi na yubolti mpya (zinazobana springi kwenye ekseli). Kaza yubolti kwa zamu kwa mkingamo, kisha uzirudie baada ya kilomita 100. Bloki mbili usizipandanishe kamwe. Tena bloki ndefu humpa difu nguvu ya kupindisha springi unapoondoka kwa gia kubwa ya nguvu matopeni, na hapo ndipo masikio huvunjika.

Sasa bomba. Lililopinda halinyooki kwa nyundo, na bomba la maji si mbadala. Peleka kwa mkerezaji akate maungio ya zamani kwenye mashine, aingize bomba la kipenyo na unene uleule, achomee nukta nne zinazotazamana, apime kwa geji ya saa, ndipo akamilishe. Bomba lisiyumbe zaidi ya milimita 0.8. Masikio ya ncha zote mbili yawe kwenye mstari mmoja. Yakipishana hata jino moja la sehemu ya kuteleza (pale propela inaporefuka na kufupika), mtetemo unarudi. Kisha ipigwe balansi.

Kuinua kwako kumeongeza pia umbali kati ya transfa na difu, milimita kumi na kitu. Acha ekseli ining'inie uone meno ya sehemu ya kuteleza yameshikana kiasi gani. Yakishikana chini ya kipenyo cha shafti yenyewe, mkerezaji aongeze urefu wa bomba.

Kufunga krosi: bana yoki kwenye jiliwa, sukuma vikombe kwa soketi mbili, ndogo ikisukuma na kubwa ikipokea. Klipu ikikataa kuingia kwenye mfereji wake, usilazimishe: karibu kila mara ni sindano moja imeanguka chini ya kikombe. Toa, ipange upya kwa grisi. Pampu grisi hadi itokeze kwenye sili zote nne. Ikigoma upande mmoja, upande huo ndio utakaokauka na kufa kwanza. Bolti za flenji zikazwe kwa Nm 74 hivi.

SWALI: Yangu ina kebini mbili na propela ya vipande viwili yenye senta beringi (inayoishika katikati). Ikianza kuondoka inagonga na kutetemeka, ikichanganya inatulia.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Dalili hiyo ni ya senta beringi. Mpira wake umechoka, au umeinua gari na beringi imebaki juu, ikikunja krosi ya katikati. Badilisha mpira, kisha shusha mabano ya beringi kwa washa nene, milimita 10 kwanza, ujaribu barabarani, uongeze kidogokidogo. Sehemu zote mbili zitiwe alama ya rangi kabla ya kuachanishwa.

SWALI: Propela ya nyuma ikikatika porini, naweza kurudi kwa ekseli ya mbele?
Msomaji, Mpanda

JIBU: Kwa Hilux, ndiyo. Wekea magurudumu mawe kwanza, kwa sababu propela ikishatoka gia haishiki tena magurudumu ya nyuma. Ifungue yote, usiiache ikining'inia. Funga habu (vitovu vya magurudumu) za mbele, weka H4 (magurudumu manne, gia ya kawaida), nenda polepole na usikate kona kali kwenye lami. Flenji ya transfa haivujishi oili. Kwa Land Rover Defender ya zamani (iliyotengenezwa hadi 2016) tahadhari zaidi: breki yake ya mkono iko nyuma ya transfa, hivyo propela ya nyuma ikitolewa breki hiyo haishiki tena magurudumu ya nyuma, na bila kufunga difu ya katikati gari halitasogea.