Kabla hujashusha tangi la mafuta la pikapu

Mara ya kwanza kushusha tangi la pikapu yangu, geji ilikuwa inasoma robo. Nikajiambia robo si kitu. Tangi la lita 80, robo yake lita 20, na lita ya petroli haifiki hata kilo. Hesabu ilikuwa sawa, ila nilisahau kwamba mafuta hayatulii. Nilipolegeza mkanda wa pili kati ya ile inayolishikilia, tangi liliinama mbele, lita zote zikahamia huko, nalo likateleza kwenye jeki likabaki linaning'inia kwa bomba la plastiki na waya wa pampu ya mafuta, ile inayokaa ndani ya tangi. Bomba likakatika palepale kwenye kiungio. Nikaoga petroli kuanzia kwapa hadi kiunoni, na kazi ya saa tatu ikala siku mbili.

Kwa hiyo kabla ya spana, toa mafuta. Yote. Kama gari bado linatembea, litembeze mpaka geji ilale. Kama pampu imekufa, na mara nyingi ndiyo maana tangi linashushwa, itabidi uyanyonye. Magari mengi yana kizuizi kwenye shingo ya kujazia na mpira wa kunyonyea hautapita, usigombane nacho. Legeza klampu pale mpira mnene wa shingo hiyo unapoingia kwenye tangi, uchomoe, uingize mpira wako hapo. Tumia pampu ya mkono. Kuna watu bado wanavuta kwa mdomo, na wanajisifu. Petroli ikiteremka kwenye mapafu ni balaa kubwa kuliko kuimeza, na aliyeimeza asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali.

Yote haya yafanyike nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya shimoni au kwenye kona, ukisubiri cheche. Ng'oa waya wa hasi wa betri, tumia tochi ya kuchaji badala ya taa ya waya, na kizima moto cha unga kiwe mahali mkono unapofika. Tangi tupu ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu lililojaa halina nafasi ya mvuke kuchanganyika na hewa. Fundi akikwambia ameshalisuuza na sasa anaweza kulichomelea hivyohivyo, beba tangi lako uondoke.

Bolti za mikanda hukaa tumboni mwa gari, zimekula matope miaka yote. Zipige brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Bolti ikianza kulia, usiilazimishe: irudishe nusu mzunguko, paka mafuta, endelea. Ikikatika utajuta. Na gari likae kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake.

Weka ubao mpana juu ya jeki, ubao huo uliegemee tangi kwa chini, ndipo ufungue mikanda. Shusha kama sentimita 10, kisha simama. Hapa ndipo nilipoharibu. Juu ya tangi kuna plagi ya waya wa pampu, bomba la mafuta, na bomba la mvuke, na vyote ni vifupi. Ingiza mkono, vitoe kimoja kimoja. Viungio vya plastiki hujaa vumbi mpaka masikio yake hayabonyei; vioshe kwa maji kwanza. Halafu sukuma bomba ndani kidogo kuelekea tangi, bonyeza masikio yote mawili, ndipo uvute. Ukivuta moja kwa moja unakaza. Funika kitambaa, maana presha inaweza kuwa bado imo hata kama pampu haifanyi kazi. Piga picha kabla ya kuchomoa chochote.

Ukiniuliza leo, kama shida ni pampu tu, tangi silishushi. Nafungua bolti za bodi ya mizigo, nachomoa waya wa taa za nyuma na skrubu za shingo ya kujazia, naita watu wanne tunainyanyua. Pampu hiyo hapo, unaiona kwa macho. Pikapu yenye bodi ya kuungwa pamoja na kibanda cha dereva haina njia hiyo, pole.

Kabla ya kufungua pampu, safisha mchanga wote juu yake. Pete inayoifunga pampu kwenye tangi igonge kwa kipande cha mti mgumu au shaba, si patasi ya chuma. Oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia mafuta yasivuje, iwe mpya. Mimi niliirudisha ya zamani kwa sababu ilionekana nzima. Nikatia lita 10, nikawasha swichi mara tatu bila kupiga stata, nikachungulia chini: pakavu. Siku nilipojaza tangi ndipo harufu ilipoanza, kwa kuwa mafuta yalikuwa hayajawahi kufika juu kule. Likashuka tena, safari hii baada ya kunyonya lita 80, na madumu niliyokuwa nayo ni mawili.