Mkoba unaonionyesha nilichosahau

Nilivuka na pantoni kutoka Magogoni hadi Kigamboni, hapa Dar es Salaam, nikapanda bodaboda mpaka kwa mteja, nikavua viatu mlangoni, nikapewa kigoda na glasi ya maji ya baridi. Nikaifungua ndoo yangu ya rangi ya lita 20, nikamimina vyuma vyote juu ya gazeti barazani. Paipu renchi moja imebaki Mbagala. Na kazi yenyewe ilikuwa kung'oa koki ya zamani kwenye bomba la chuma lililoshikana kwa kutu. Kazi ya namna hiyo inataka renchi mbili, moja ishike bomba na nyingine izungushe koki. Ukitumia moja, bomba linageuka lenyewe huko ndani ya ukuta na kukatika, na hapo umekuwa fundi ujenzi. Mama mwenye nyumba alinitazama, akasema, "Fundi, kumbe ulikuja kututembelea?"

Nilikodi renchi kwa fundi wa jirani, aliyejua nina shida na akanitoza kama mwenye shida.

Ndoo niliiacha wiki ileile. Siisemi vibaya. Inakaliwa kama stuli, na ukimaliza kazi unaikingia maji. Ila ndoo haikwambii kitu. Iwe na vyuma kumi na viwili au kumi na kimoja, ukiinyanyua inagongana vilevile.

Nikaenda Rangi Tatu kwa fundi anayeshona maturubai ya malori. Nilimpelekea mchoro niliouhangaikia usiku kucha kwa rula. Hakuutazama. "Kaka, karatasi haina uzito. Niletee vyuma." Kesho yake nikavibeba vyote. Alivilaza juu ya turubai kimoja kimoja, akavizungushia chaki, akaacha nafasi ya kidole kila upande ili mkono wenye grisi uweze kuvuta. Akashona kwa uzi wa nailoni, na chini ya mifuko ya vitu vizito akapitisha cherehani mara mbili. Tukapata kitu kama mkeka mfupi wenye mifuko, unaoviringishwa na kufungwa kwa mkanda, kisha unaingia kwenye begi la mgongoni.

Kitambaa chekundu kilikuwa wazo langu, na hilo najivunia. Juu ya kila mfuko, pale mpini unapolalia, tulishona kipande chekundu. Chuma kikiwepo, wekundu hauonekani. Kikitoka, unakukodolea macho. Kabla sijapokea hela natandika mkeka sakafuni. Nikiona wekundu, sijamaliza kazi. Umeshanirudisha darini mara mbili kufuata futi ya kupimia, na mara moja juu kwenye tangi, ambako bisibisi ilikuwa imekaa ukingoni, bado kidogo iingie kwenye maji ya watu.

Jambo la pili ni uzito. Paipu renchi ya inchi 14 inapita kilo moja na nusu, ya inchi 18 inapita mbili na nusu, na mimi nilikuwa nabeba zote kwa kuogopa aibu nyingine. Nikachukua daftari, kwa miezi miwili nikaandika kila nilichokitoa begini. Ile ya inchi 18 ilitoka mara moja tu. Sasa natembea na ya inchi 14 na ya inchi 10, na kubwa inalala nyumbani mpaka nimeuliza kwenye simu: bomba ni chuma au plastiki, unene wake inchi ngapi, hebu nitumie picha. Picha moja ya koki inayovuja imeniokolea mgongo kuliko begi lolote la dukani. Mashine ya kuchomelea mabomba ya plastiki ya PPR nayo haitoki bila sababu. Inafanya kazi kwenye nyuzijoto 260, na ukiirudisha begini kwa haraka kabla haijapoa utajua. Begi langu la kwanza lilikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Kwenye mkeka usipange bisibisi na bisibisi, spana na spana, kama duka la Gerezani. Panga kwa kazi. Kwangu spana malaya, brashi ya waya na tepu nyeupe ya kuzibia nyuzi za bomba vinalala pamoja, kwa sababu kubadilisha koki kunavitaka vyote vitatu kwa mfuatano huo. (Wenye adabu wanaiita spana ya kurekebisha. Kwa wauza vifaa vya ujenzi ukiiita hivyo utasubiri kidogo.)

Msumeno wa chuma una kesi yake. Siku moja kwenye daladala la Mbagala meno yake yalitoka pembeni mwa begi yakashika kanga ya dada aliyesimama karibu yangu. Alishuka, kanga ikabaki nusu. Nililipa, na konda akapata hadithi ya kusimulia hadi Kariakoo. Chukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, kipasue kwa urefu, kivishe kwenye meno. Ni bure.

Washa na skrubu nazitia kwenye makopo ya mafuta ya mgando, washa za nusu inchi mbali na za robo tatu. Kopo la gundi ya PVC linasimama ndani ya chupa ya maji iliyokatwa, maana likilala likavuja litagandisha mkoba mzima. Na kwa sisi wa Pwani, hewa ya chumvi haina huruma: futa vyuma jioni, pitisha tone la mafuta ya cherehani, usifungie kitu kibichi.

Wewe usiye fundi, huhitaji mkeka. Kwa nyumbani zinatosha nyundo, plaisi, spana malaya ya inchi 10, futi ya mita 5, tepu nyeupe na ile nyeusi ya umeme, testa ya kupimia umeme, na bisibisi tatu. Tatu, moja bapa na mbili za nyota, kwa sababu nyota ziko aina mbili. Tazama kichwa cha skrubu: kama katikati ya ile alama ya kujumlisha kuna vistari vidogo vinne, inataka bisibisi yake, ile ya PZ. Ukilazimisha nyingine itateleza na kula kichwa, kisha utanipigia simu. Testa iwe na mahali pake peke yake na isitumike kufungulia skrubu, watoto waambiwe. Kabla hujaiamini, ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme.

Limebaki la kuazimana, na hapa sina ujanja mkubwa. Majirani wanaazima, na mimi siwezi kukataa watu ninaosali nao. Sharti langu ni kwamba mfuko mwekundu haubaki mtupu: anayechukua chuma anaacha kitu chake mahali pake. Wengi wanacheka, wanaacha. Hivi ninapoandika, kwenye mfuko wa spana ya inchi 10 kuna kandambili moja, mguu wa kushoto, siku ya nne leo.