Jibu: Tarantula wangu kalala chali, kafa?

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Unasema tarantula wako, yule buibui mkubwa mpole wa Chile, kagoma kula siku nyingi na leo umemkuta chali. Usimtupe! Kwanza tazama miguu. Anayekufa kwa kawaida hubaki kifudifudi, miguu imejikunja chini ya mwili; anayelala chali mara nyingi anajivua gamba. Usimguse, na mtoe mende uliyemtia, maana ngozi mpya laini, atang'atwa yeye. Mimi humwachia kisahani cha maji tu, chakula nampa chonge zake (meno ya kung'atia) zikishageuka nyeusi. Udongo uwe mkavu, kwao ni ukame, si masika ya Pemba. Na mkeo anayemwogopa azoee tu, jike huweza kufika miaka 20.