Jibu: Drili ya kazi ya kila siku, ya waya au ya betri?

Habari za kazi, fundi. Umeuliza ni drili gani itakayohimili kutoboa mbao ngumu na vyuma kila siku karakanani, baada ya ile ya awali kuungua mota.

Ikiwa unafanyia kazi kwenye meza moja yenye umeme wa uhakika, chukua ya waya kama ninayotumia mimi, kwani haiishiwi nguvu katikati ya tundu. Ya betri humfaa zaidi fundi anayehamahama.

Kabla ya kutazama wati, kagua kishika biti, yaani sehemu ya mbele inayobana biti (chuma cha kutobolea). Funga biti ndefu iliyonyooka, washa kwa mwendo wa polepole, kisha tazama ncha yake: ikichora duara badala ya kutulia mahali pamoja, iache mashine hiyo dukani, hata muuzaji aisifu namna gani. Tafuta kishika biti cha milimita 13 na giaboksi yenye mwendo wa aina mbili, kwa sababu tundu pana kwenye chuma huhitaji mwendo mdogo wenye nguvu. Uliza pia kama kaboni zake, yaani vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, hubadilishwa kwa urahisi.

Kuhusu ile iliyoungua, nashuku ililemewa kwa muda mrefu ikienda polepole. Feni iliyo ndani ya drili huzunguka pamoja na mota, hivyo kasi ikipungua, hewa ya kuipoza nayo hupungua. Drili mpya ikianza kuwa ya moto mkononi, itoe kwenye tundu na uiache izunguke bure kwa kasi kubwa kwa dakika moja au mbili ndipo uendelee.