Baba yuko Tunduma, msimzike kwenye makaratasi

*Shangazi shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), nimepata daraja la pili na nataka kusomea ualimu Mkwawa, Iringa. Naishi na mama kijijini, nje kidogo ya Tukuyu. Anachuma chai kwenye mashamba ya watu na siku za soko anauza ndizi. Baba alituacha nikiwa darasa la tatu. Yuko Tunduma na mke mwingine, ana duka la spea, na ada yangu hajawahi kutoa hata mia. Kijana wa steshenari anayenijazia fomu ya mkopo anasema nikiandika kwamba baba yu hai na ana duka, nitaambulia patupu. Kwa laki mbili na nusu atanipatia cheti cha kifo chake. Mama amekubali, anasema kwake yule mtu alishakufa siku nyingi. Anataka kuuza ndama, maana hela ya TASAF, ile ya kaya maskini, ya juzi iliishia kwenye mabati. Nasikia pia kuna ufadhili wa Samia. Nafsi inanisuta, lakini chuo nakitaka. Nifanyeje?*

*Binti wa Tukuyu*

Marahaba mwanangu, ugonile. Hongera kwa matokeo. Ndama asiuzwe kwa kazi hiyo.

Hofu yako si ya kijinga. Wako watoto wengi wenye baba wa jina tu, na fomu haina kisanduku cha "yupo lakini hayupo". Ila fuata hicho cheti kinakopita. Cheti cha kifo hakiambatishwi hivi hivi, lazima kwanza kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, kama chako cha kuzaliwa. Cha kughushi kitakwama hapo, na kughushi ni jinai. Haya, tuseme kijana ana mtu wake na kimepita. Baba yako ana watoto wengine Tunduma, au atakuwa nao. Nao wataomba mkopo Bodi ya Mikopo hiyohiyo, kwa jina la baba huyohuyo, mzima wa afya. Wewe uko mwaka wa pili, umeshalizoea boom, ile hela ya kujikimu, ndipo uitwe ueleze marehemu alifufuka lini. Na siku ya posa je? Kwenu Unyakyusa ng'ombe wa mahari hawapokelewi na mama peke yake. Marehemu atatokea na koti lake na kukaa kiti cha mbele.

Sasa rudi kwenye barua yako. TASAF umeitaja harakaharaka, kama mtu anayefunika sufuria mgeni asione mboga. Hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizonipa! Bodi ya Mikopo inatafuta wahitaji, na kaya iliyomo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ni kigezo inachokitambua, kama inavyotambua uyatima na ulemavu. Kwenye maombi kuna mahali pa kujaza namba ya kaya. Muombe mama kitambulisho anachokwenda nacho siku ya malipo, uinakili tarakimu kwa tarakimu. Nina wasiwasi kijana wa steshenari hata hakukuuliza. Kwenye namba ya TASAF yeye hapati kitu.

Baba mwandike alivyo: yu hai, jina kama lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Mdhamini awe mama, na picha yake na kitambulisho. Fomu ikishachapishwa usimpe mtu akuzungushie. Nenda mwenyewe na mama kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye anajua fika nani alihangaikia ada yako, asaini na kugonga muhuri, kisha kwa wakili au hakimu. Kama mama hutia dole gumba, wino usifunike jina lake. Skana za mtaani hugeuza dole na muhuri kuwa doa moja jeusi, na ukurasa usiosomeka ni sawa na ambao hukuuleta. Uukague kabla haujapandishwa kwenye mfumo. Ada ya maombi ni 30,000, unalipa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wenyewe, si mkononi mwa mtu.

Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022, ni wa waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaokwenda kusoma fani kama uhandisi na tiba. HGL haimo, usimalize bando.

Na ujue huu ni mkopo. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha madeni, ilifutwa 2021, kwa hiyo usitishwe na vilio vya kaka zako wa zamani. Majina hutoka kwa awamu. Ukikosa ya kwanza usizire, na ukinyimwa au ukipewa kidogo, Bodi hufungua dirisha la rufaa. Akiba yoyote mtakayoipata iwe ya nauli, godoro na chakula cha wiki za mwanzo, maana boom lina tabia ya kuchelewa.

Aliyebaki ni mama, na hapo ndipo pagumu. Mama yako hakitaki hicho cheti kwa ajili ya Bodi. Anataka mtu aandike, kwa muhuri, kwamba yule bwana amekwisha. Ukimsomea sheria atakuona umehamia upande wa baba yako. Mtume mama yako mdogo, au mama wa kanisani anayemwamini, akae naye jioni amsikilize tu. Wewe mwambie jambo moja: kwenye fomu yangu mdhamini ni wewe, si yeye. Akishayatoa ya moyoni, mwende kwa mwenyekiti kabla dirisha la maombi halijafungwa.