"Always-on" kwenye tangazo la intaneti maana yake nini?

Umeuliza kwa nini tangazo linasema "always-on connection" wakati intaneti yoyote siku hizi iko hewani muda wote. Hiyo sifa ni ya enzi za kuingia intaneti kwa kupiga simu. Miaka ya 1990 modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti, ilikuwa inapiga namba ya mtoa huduma, inalia na kukwaruza, na ukishaingia, simu ya nyumbani haipatikani tena. Kwa wengi dakika zilikuwa zinahesabiwa, kwa hiyo unasoma barua pepe mbiombio, unakata. Zilipokuja ADSL (intaneti ya kasi kupitia waya wa simu) na modemu za kebo (kupitia waya wa televisheni), laini ikawa wazi saa zote bila kupiga popote, na wauzaji wakalishikia bango hilo neno. GPRS, intaneti ya mwanzo mwanzo ya simu za mkononi, nayo ikanadiwa hivyo hivyo.

"On" hapo ni ile ya swichi. Kistari huwekwa likitangulia nomino. "It is always on" haina.

Baadaye neno hilo likahamia kwenye skrini zisizozimika (saa ya Apple Watch Series 5, 2019) na, kwa bahati mbaya, kwa wafanyakazi wanaotakiwa kumjibu bosi usiku. Ufaransa ina sheria ya haki ya kutopatikana baada ya kazi tangu Januari 2017.

Kwenye tangazo lako ni pambo tu, wewe angalia kasi na bei.